Hitilafu ya kupanga namba: nimeithibitisha

Ndugu yangu, ulieleza kwamba ukibofya kichwa cha safuwima ya kilo, programu inayotuonyesha majedwali ya hifadhidata huweka 1050 juu ya 98. Nimejaribu hapa Mtwara kwa jedwali la korosho za ghalani, na imekuwa vilevile: 1200, kisha 310, kisha 45, ingawa niliomba mpangilio wa kupanda, yaani kutoka namba ndogo hadi kubwa. Safuwima yangu ni ya namba, si ya maandishi, kwa hiyo aliyeunda jedwali hana kosa. Nilipoandika ORDER BY (amri ya kupanga) ndani ya hoja yenyewe, yaani ombi linalotumwa kwa hifadhidata, hifadhidata ilirudisha 45, 310, 1200. Basi ni programu inayoonyesha matokeo ndiyo inayolinganisha tarakimu kama herufi, kuanzia kushoto. Unaporipoti, taja toleo la programu na aina ya safuwima. Picha ya skrini peke yake haiwasaidii sana wasanidi.