Anza na Njia ya Kurukia, Jengo la Abiria Baadaye

Ukishapakua WorldEditor, programu ya kuchorea viwanja vya ndege vya X-Plane (simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta), na kufungua uwanja wako wa kwanza, mkono utavutwa kwenye jengo la abiria. Karibu kila anayeanza huanzia hapo: anashinda kwenye Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, akichonga vioo, ngazi na mabango, halafu siku ya kuruka anagundua kwamba njia ya kurukia ndege haipo mahali pake na nusu yake imezama ardhini.

Kumbuka mandhari hii inatazamwa na nani. Ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha rubani, yuko mwendoni, na mikono yake ina kazi nyingine. Akishuka kwa pembe ya kawaida ya digrii 3, akibakiza maili tatu za baharini yuko kama futi 1,000 juu ya uwanja. Kutoka hapo haoni mlango wa jengo lako. Anaona umbo la njia, rangi ya ardhi inayoizunguka, miti iliyo kwenye ncha yake na kilima cha nyuma. Gawa muda wako kwa mpangilio huohuo.

Njia ya kurukia haichorwi kwa kukisia. Mamlaka za anga hutoa kitabu cha taarifa za anga, AIP, chenye latitudo na longitudo za ncha zote mbili, urefu, upana, na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Vingi vya vitabu hivyo vinasomeka bure kwenye intaneti. Ingiza tarakimu hizo kwanza, kisha uweke picha ya angani chini yake kwa kuhakiki tu. Na hapa kuna mtego: namba ya njia, tuseme 09, inafuata dira ya sumaku na kukadiriwa kwenye digrii kumi zilizo karibu (09 ni digrii 90), ilhali programu ya kuchorea inafuata kaskazini ya kweli. Kuna maeneo ambako tofauti ya hizo mbili inapita digrii 15. Ukiona njia 09 imelala kwenye digrii 78, usiizungushe ili ilingane na namba yake.

Mwinuko ndipo penye jasho. Sehemu kubwa ya data za bure za mwinuko inatokana na SRTM, rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Vipimo vyake vimeachana kwa takriban mita 30, na penye msitu mnene au majengo rada hiyo mara nyingi haikufika chini kabisa. Ukitandaza lami juu ya data hiyo bila kuigusa, gurudumu la mbele litadunda kwenye matuta ambayo kwenye uwanja halisi hayapo.

Dawa ya haraka ni kuubapisha uwanja wote, na X-Plane inakuruhusu kufanya hivyo kwa kuweka alama moja tu. Mimi siipendi. Lukla, kule Nepal, ina njia ya mita 527 iliyoinama kwa karibu asilimia 12: ndege hutua zikipanda mlima na kupaa zikiteremka. Ibapishe, umeifuta Lukla. Hata uwanja usio na sifa yoyote, ukiubapisha, unabaki na ukuta wa udongo upande mmoja na bonde upande wa pili. Afadhali urekebishe wavu wa ardhi wenyewe, yaani umbo la 3D la ardhi lililojengwa kwa data za mwinuko: shika mwinuko wa ncha mbili kama ulivyo kwenye AIP, kisha ulainishe katikati. Inachosha, sikufichi. Lakini imalize kabla ya kuweka taa au jengo lolote, maana vyote vitakaa juu ya ardhi hiyo.

Baada ya hapo utataka picha za angani zifunike eneo zima, na Ortho4XP, programu inayogeuza picha hizo kuwa mandhari ya X-Plane, itakufanyia. Shida ni tamaa ya ukali wa picha. Kwenye ikweta, kiwango cha ukuzaji (zoom) cha 16 kina pikseli moja kwa kila mita 2.4 hivi, cha 17 mita 1.2, cha 18 sentimita 60. Kila ukipanda kiwango kimoja, idadi ya picha inakuwa mara nne, na diski nayo inajaa kwa kasi hiyo. Kwa ndege kubwa ya abiria, 16 inatosha sehemu nyingi. Weka 18 ndani ya uzio wa uwanja tu. Pia futa ndege zilizopigwa picha zikiwa zimeegeshwa; hakuna kinachoharibu uwanja mzuri kama ndege bapa iliyolala kwenye lami.

Picha za kuvisha majengo nazo zina gharama. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula megabaiti 64 za kumbukumbu ya kadi ya picha. Banda la magari ya zimamoto halihitaji hiyo. Majengo kadhaa yagawane picha moja, na uihifadhi kwa muundo wa DDS, ambao kadi ya picha huusoma ukiwa umebanwa.

Mahali ambapo hutakiwi kubana ni alama za kuongozea macho. Uwanja wa ndege wa Kai Tak wa Hong Kong ulifungwa mwaka 1998, na watu bado wanaijenga na kuirukia. Aliyekuwa anatua njia 13 alielekea moja kwa moja kwenye kilima kilichopakwa miraba kama ubao wa drafti, akakata kulia karibu digrii 47 akiwa chini, ndipo akaiona njia. Bila kilima kile hakuna Kai Tak, hata ungekuwa umechora kila dirisha la mji. Uwanja wako nao una kitu cha aina hiyo: daraja, kona ya mto, mnara wa maji. Kitafute kwenye ramani za kutua.

Kisha ruka. Chukua ndege ndogo, nenda polepole, tua kwa ncha zote mbili, mchana, usiku na kwenye mvua, na kamera ya nje usiiguse. Angalia kama taa za PAPI, zile za kando ya njia zinazomwonyesha rubani pembe ya kushuka, zinaonyesha nyeupe mbili na nyekundu mbili ukiwa kwenye digrii 3, na kama kuna mti ulioota wenyewe mbele ya njia. Idadi ya fremu (picha ambazo kompyuta inachora kwa sekunde) ipime ukiwa umesimama palepale, kwa saa ileile na hali ileile ya hewa, kabla na baada ya kuongeza kitu.

Mandhari ikigoma kuonekana, fungua scenery_packs.ini, faili yenye orodha ya vifurushi vya mandhari, kabla ya kulaumu kompyuta. Kilicho juu ndicho kinachoshinda, na X-Plane huweka kifurushi kipya juu kabisa. Wavu wa ardhi ukikaa huko unaficha mandhari iliyo chini yake. Ushushe mwisho, viwanja vibaki juu.

Ukitaka kuwapa wengine kazi yako, kagua leseni kwanza. Data za OpenStreetMap zinaruhusiwa ukitaja chanzo. Picha za Google huna ruhusa ya kuzigawa. Orodhesha kila maktaba ya vitu (mkusanyiko wa majengo, magari na miti iliyotengenezwa na wengine) uliyotumia, kisha hamisha mandhari zako zote nyingine kwenye folda ya pembeni na ufungue uwanja ukiwa peke yake pamoja na maktaba hizo tu. Simuleta ikilalamika kwamba kuna faili haipatikani, kuna kitu umekiazima kwenye folda nyingine ukasahau kukiorodhesha.