pH ya tangi la maji chumvi inashuka kila asubuhi: pima hewa ya sebuleni kabla ya kuongeza dawa

Mkuu, nimekuelewa hivi: tangi la lita 200, liko sebuleni Kijitonyama, asubuhi pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imezidi) inasoma 7.7, unatia dawa ya chupa ya kupandisha, jioni 8.2, kesho yake imerudi palepale. Unauliza uongeze dozi au ununue dawa ya aina nyingine. Mimi ningeiweka chupa kabatini kwanza.

Nina tangi la maji chumvi Tabata, chumba cha AC, madirisha yanafungwa kwa sababu ya joto na mbu, kwa hiyo hali yako naijua. Watu mnalala ndani mnapumua, hewa ukaa inajaa, na AC hizi zetu za ukutani hazivuti hewa ya nje, zinazungusha ileile. Hewa ukaa ikiingia majini inageuka asidi, pH inashuka. Usiku inazidi kwa sababu taa zimezimwa: mwani hauinyonyi tena, na kila kilicho hai mle tangini kinaitoa. Tofauti ya 0.2 au hata 0.3 kati ya alfajiri na jioni ni kawaida, isikunyime usingizi. Kinachowachosha samaki na matumbawe ni huko kurushwa juu na dawa kila siku.

Fanya jaribio hili. Chota jagi la maji ya tangi asubuhi, pima pH. Lipeleke barazani, tumbukiza jiwe la hewa na pampu yake ndogo, acha kama saa moja, pima tena. Ikipanda vizuri, shida ni hewa ya ndani na dawa yako ya chupa haitaitibu. Nilipoona hivyo kwangu, nilivuta mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachopuliza mapovu kutoa uchafu majini) hadi nje ya dirisha, nikafunga kipande cha neti mdomoni wadudu wasiingie. pH ya asubuhi ikatoka 7.8 ikakaa karibu na 8.0, na hapo nimeiacha. Mpira uwe mpana kiasi, la sivyo skima inakosa pumzi. Halafu angalia unakotokea: jirani akiwasha jiko la mkaa chini ya dirisha lako, umerudi ulikotoka.

Jagi lisipoonyesha mabadiliko, pima ualkali, ile KH, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Bahari yenyewe ina takriban 7, tangini shika 8 au 9 isiyoyumba. Hukutaja KH yako hata mara moja, na hiyo ndiyo namba ninayoitaka. Dawa nyingi za kupandisha pH huongeza ualkali kila unapotia, kwa hiyo sitashangaa ukikuta 13. Ukiona unga mweupe umeganda kwenye pampu, ni kalisi yako hiyo imeshatoka majini. KH ikiwa chini, bekingi soda ya dukani inatosha: gramu 3 kwa lita 100 zinapandisha KH kwa 1 hivi. Iyeyushe kwanza, na usipandishe KH zaidi ya 1 kwa siku. Isiwe bekingi pauda, ile ina asidi na wanga. Magadi ya sokoni nayo yaache kwenye maharage, yana uchafu mwingi na floraidi.

Mchangiaji wa juu kashauri matumbawe yaliyosagwa. Yanaanza kuyeyuka kwa maana pH ikiwa imeshaporomoka, kwa hiyo hayawezi kukushikia 8.2. Na tafadhali msiyaokote visiwa vya Mbudya wala Bongoyo, zile ni hifadhi. Maji ya chokaa ni kweli yanafanya kazi, kwa kuwa yanakula hewa ukaa na kuleta kalisi, lakini pH yake inapita 12: yadondoshwe tone kwa tone usiku, na iwe chokaa safi ya maabara au ya akwariamu, si ya kupakia ukuta.

Kipimo chako cha kalamu, kirekebishe kwa maji maalumu ya pH 7 na ya 10. Usipofanya hivyo, huenda hiyo 7.7 ni 7.9 na hapakuwa na kesi.

Kama unachota maji baharini, nenda maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto Msimbazi, na wakati wa masika subiri. Yanayopungua kwa mvuke jazia maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO (mtambo wa kuchuja unaotoa chumvi). Visima vingi vya Dar vina chumvi yake.

Umeme ukikatika, pH iache kabisa. Washa pampu ya hewa ya betri, maana samaki watakufa kwa kukosa oksijeni mapema zaidi. Kama huna, pesa ya chupa mpya inunulie hiyo.