Jibu: Mchanga wenye maji na N ya 8, kiwanja cha Bukoba

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unataka ghorofa 3 karibu na ziwa, maji yako mita 1.5 chini, na SPT (jaribio la kupigilia bomba ardhini kwa nyundo) imekupa N ya 8, yaani mapigo 8 kushuka sentimita 30, kwenye mchanga ulio kina cha mita 4. Unauliza kama mchanga huo unaweza kugeuka uji ardhi ikitetemeka.

Kabla ya yote, muulize mchimbaji kama alilijaza shimo maji muda wote. Hili watu hulipuuza sana. Kwenye kiwanja kimoja nilichosimamia, maji ya shimoni yaliachwa yakashuka chini ya yale ya nje, mchanga ukapanda kutoka chini, N ikasoma 4. Tuliporudia vizuri ikasoma 13. Tungebuni msingi kwa namba ya uongo.

Kisha peleka sampuli zikachekechwe. Mchanga safi uliolegea ndio wa kuogopa; ukiwa na mfinyanzi mwingi wenye kunata, hatari hupungua. Maji nayo yapime tena masika.

N ikibaki 8, usiweke misingi ya kawaida juu yake. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa mazima, kwa sababu mchanga wa namna hiyo uligeuka uji tetemeko lilipopiga. Na Bukoba tetemeko la 5.9 lilipiga Septemba 2016, kwa hiyo usiseme kwetu halifiki.

Shindilia mchanga au shusha nguzo hadi tabaka gumu. Urefu wa nguzo siwezi kukutajia bila logi ya shimo zima, yaani orodha ya tabaka zote na N zake. Iweke hapa tuisome.