Jibu: Petro alipata wapi ujasiri?

Ndugu, umeuliza Petro aliyemkana Bwana mara tatu alipataje ujasiri wa kusimama mbele ya Baraza, yaani mahakama ya wakuu wa Wayahudi. Hapa Kisumu naishi karibu na Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, nawaona wavuvi wakirudi alfajiri mikono mitupu, wamechoka. Petro alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Matendo 4:13 inasema wakubwa waliona ujasiri wao wakastaajabu, kwa kuwa yeye na Yohana hawakuwa na elimu, wakatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Naamini jibu liko hapo. Alikuwa amemwona Bwana yu hai, akapokea mkate na samaki kutoka mkononi mwa Bwana ufuoni (Yohana 21, isome polepole). Baadaye mitume walipigwa viboko, wakatoka wakifurahi. Yakobo, nduguye Yohana, akauawa kwa upanga, na Petro hakunyamaza.