Kushusha adapta ya laptop kutoka volti 19.5 hadi 13.8

Adapta zilizobaki bila laptop zake zimejaa madukani na majumbani, Unguja na Pemba. Ile ya volti 19.5, ampea 4.62, ukiishusha hadi 13.8 inachaji vizuri betri ya asidi ya volti 12, iwe ya taa za nyumbani umeme ukikatika au ya taa za kuvulia dagaa. Kinachobadilishwa ni rezista moja tu.

Chomoa kwanza ukutani. Kapasita kubwa hushika volti 325 hivi hata baada ya kuchomoa. Imwage kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kisha hakikisha kwa mita. Usiipige shoti kwa bisibisi.

Upande wa kutokea umeme, karibu na optokapla (kidude kinachopitisha ishara kwa mwanga) ya miguu minne, tafuta TL431, kidude cha miguu mitatu kinachopima volti inayotoka. Mguu wake mmoja hukaa kwenye volti 2.5, katikati ya rezista mbili: ya juu inatoka chanya, ya chini inakwenda hasi. Volti inayotoka ni 2.5 × (1 + ya juu ÷ ya chini). Kilo-omu 68 juu na 10 chini ndiyo 19.5. Ng'oa ya 10, lehemu ya 15 ambayo kosa lake halizidi asilimia 1: hesabu inatoa 13.83, na mita inaweza kusoma hata 13.97, maana mguu ule nao hunyonya mkondo mdogo kupitia rezista ya juu. Ukikuta thamani nyingine, piga hesabu ileile.

Wako wanaobandika rezista ya pili ubavuni mwa ile ya juu. Volti hushuka vilevile, lakini tusifanye hivyo. Hewa yetu ya chumvi hula lehemu. Siku rezista hiyo ikiachia, 19.5 nzima inaingia kwenye betri na maji yanachemka. Ya chini ikiachia, volti inaporomoka, betri inasalimika.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyofungwa kwenye njia ya umeme. Adapta ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, sababu kwa kawaida ni IC (chipu) ya upande wa umeme mkuu: inalishwa na koili ya pembeni ya transfoma, na volti yake imeshuka kwa kiwango kilekile. Iliyokuwa 15 sasa ni 10.6, na UC3842, mojawapo ya IC hizo, huzima kwenye 10 hivi. Usiilazimishe. Rudisha rezista ya 10, uweke moduli ya XL4015, ya kushusha volti, kwenye waya wa kutokea, na usivute zaidi ya ampea 3.

Ampea haziongezeki: koili na dayodi ni zilezile, kwa hiyo wati 90 zinabaki 64. Betri ya Ah (ampea-saa) 45 inafaa. Ya Ah 7 itafutie chaja ndogo. Funga fyuzi ya ampea 5 kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

Mwisho safisha lehemu kwa spiriti, paka vanishi ya umeme, kata plagi ya laptop, na uandike "13.8" juu ya gamba kwa wino usiofutika.