Maswali yenu: tumbo, dumu la maji na vidonge vya duka la dawa

Likizo imefika, vijana wa sekondari wamerudi nyumbani na maswali yamejaa. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 15, nataka kukata tumbo ndani ya wiki mbili. Nipige sit-apu ngapi kwa siku? (Morogoro)

Marahaba. Swali hili nimelijibu mpaka limechakaa. Sit-apu hukaza misuli ya tumbo, haiyeyushi mafuta yaliyo juu yake. Punguza soda na chipsi za kila jioni, fanya mazoezi ya mwili mzima, na hizo wiki mbili zisahau.

Siwezi kupiga pushapu hata moja. Wenzangu wanapiga 50 na wananicheka. (Mwanza)

Hao wa 50 ningependa niwaone. Wengi wa namna hiyo kiuno kimebonyea, viwiko vimekunjwa kidogo tu, kinachopanda na kushuka ni kichwa. Waache wahesabu.

Wewe anzia ukutani. Simama mbali kidogo, weka viganja usawa wa kifua, shuka taratibu ukihesabu moja mpaka tatu, kisha sukuma. Mwili unyooke kuanzia kisogo hadi kisigino, na viwiko vielekee nyuma kidogo, visitanuke kama mbawa. Piga nane, pumzika, rudia mpaka raundi tatu. Ukifikisha 12 safi kila raundi, hamia kwenye ukingo wa kitanda (kisukume kwanza mpaka kigote ukutani, kisije kikateleza ukang'oa meno), halafu ngazi, halafu sakafu. Fanya siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati.

Usijikague kwenye kioo kila asubuhi. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli uliyo nayo tayari. Misuli kujaa huja baadaye, na kwa mvulana ambaye hajabalehe hujaa kidogo sana.

Mazoezi yanadumaza urefu? (wengi)

Hapana.

Mgongo nitaufanyia nini bila vyuma? (Dar es Salaam)

Hapa umeuliza la maana, maana vijana wengi hupiga kifua tu mpaka mabega yanajikunja mbele. Tafuta dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5, na lile la lita 10 ni kilo 10. Kaza kifuniko, inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja ushike kiti, mwingine uvute dumu kuelekea nyonga. Lishushe polepole bila kulitupa.

Tawi nene la mwembe linafaa kwa kuning'inia, ukilijaribu kwanza kwa uzito kidogo. Bomba la maji na kenchi ya baba, hapana. Na yale makopo ya rangi yaliyojazwa zege yakaunganishwa kwa bomba, achana nayo. Mara nyingi upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, na anayeumia ni kiuno chako.

Tunalala watatu chumba kimoja, na mama anasema mazoezi ni ya wavulana. Pia, siku za hedhi naruhusiwa? (Tanga)

Nafasi ya mkeka inatosha. Piga skwati, kisha lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno na ukishushe taratibu. Hedhi haikuzuii, na wengine maumivu hupungua wakijinyoosha. Siku ikiwa nzito, pumzika.

Mama yako mwambie hivi kwa adabu: Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Wasichana wamo. Na nyinyi wazazi, binti anayechota maji huku kaka yake amelala na simu, msije kuniuliza nani kati yao ana pumzi.

Ni mwembamba sana. Rafiki ameniambia kuna vidonge vya kuongeza mwili. (Dodoma)

Usiviguse. Baadhi ya vinavyouzwa hivyo ni deksamethasoni, dawa kali ya kutibu magonjwa. Ukiizoea huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafla ni hatari vilevile. Muuzaji anayempa mtoto wa shule bila cheti cha daktari anajua anachofanya.

Kula uji wa karanga, maharage, dagaa, yai likipatikana. Lala saa 8 hadi 10. Ukiwa na simu mpaka usiku wa manane, usinilalamikie mwili.

Goti linauma chini ya kifuniko, kuna kinundu, hasa nikiruka kamba. Nina miaka 13. (Moshi)

Kwa umri huo mara nyingi ni pale msuli wa paja unapovuta mfupa wa muundi ambao bado unakua. Madaktari huita Osgood-Schlatter, na kwa kawaida hutulia ukuaji ukiisha. Punguza kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, endelea na mazoezi ya mikono, likiuma weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Goti likivimba, likikuamsha usiku, ukichechemea au ukipata homa, nenda hospitali. Na usikubali mtu akuchue hapo kwa nguvu, hata akiwa bibi.