Barua kwa mwanangu: Waliokimbilia magladieta

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku uleule ulipotoka kuangalia filamu ya magladieta, wale wapiganaji wa Roma ya kale: "Baba, hivi watu hawa walioshangilia mtu akiuawa, ndio haohao wenye mashairi uliyokuwa ukitusomea? Au mashairi yalikuwa ya matajiri tu?" Sikutaka kukujibu kwa simu.

Ndio haohao, mama. Aliyeyaonja hayo ni Terentius, mtunzi wa tamthilia za kishairi. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba alizaliwa Carthage, Afrika Kaskazini, akawa mtumwa wa seneta mmoja huko Roma, ambaye alimsomesha kisha akamwacha huru. Mwaka 165 KK tamthilia yake *Hecyra*, yaani Mama Mkwe, ilipandishwa jukwaani. Jukwaa lenyewe la mbao, la kusimamishwa sikukuu ikifika na kubomolewa ikiisha. Jumba la kudumu la mawe Roma ililipata mwaka 55 KK, alipolijenga jemadari Pompeius. Basi igizo halijafika mbali, fununu zikapita kwamba kuna mabondia na mtu wa kutembea juu ya kamba. Hadhira ikaharibika, igizo likakatika.

Mwaka 160 KK wakajaribu tena, kwenye michezo ya mazishi ya jemadari Aemilius Paullus. Sehemu ya kwanza ikawapendeza watu. Mara ikasemwa magladieta wanakuja! Watu wakamiminika, wakapiga kelele, wakagombea nafasi za kukaa, na waigizaji wakashindwa kuendelea. Mwaka huohuo wakairudia mara ya tatu. Mzee Ambivius Turpio, kiongozi wa kundi, akatoka mbele, akawasimulia mikasa yote miwili na kuwaomba wanyamaze. Safari hii wakaitazama.

Sehemu hii ya Mzee Turpio kila nikiisoma hunigusa. Hakuwatukana. Alijua kwamba wanaokimbilia damu ndio anaowahitaji.

Kuhusu matajiri, ni kweli kitabu kilikuwa gombo la kunakiliwa kwa mkono, na wengi hawakujua kusoma. Lakini shairi lilipita masikioni. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, maneno ya kwanza ya utenzi wa mshairi Vergilius, *Arma virumque cano*, "Naimba silaha na shujaa", yamekutwa yamekwaruzwa kwenye lipu za kuta mara nyingi. Kuna mmoja aliyeugeuza: "Nawaimba madobi na bundi, si silaha na shujaa." Bundi ni ndege wa Minerva, mungu mlinzi wa madobi. Utani wa aina hii hauchekeshi mtu asiyeujua utenzi wenyewe, na huu ulikuwa utani wa mtaani.

Damu siitetei. Mjini humohumo, mwaka 59 BK, wenyeji na majirani zao wa Nuceria walianza kwa matusi kwenye uwanja wa magladieta, yakafuata mawe, kisha mapanga, mpaka watu wakafa, na Seneti ikapiga marufuku michezo ile kwa miaka kumi.

Sasa nikuonyeshe ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye ukuta wa uwanja huo wa magladieta mtu aliandika mistari miwili ya shairi la Kilatini yenye mizani safi kabisa. Inasema: "Nashangaa, ewe ukuta, hujaporomoka, na umebeba machosho ya waandishi wengi namna hii."

Baba yako